Twafundishwa Kumwogopa Nani?

Filamu fupi za kutisha zimekuwa nyingi mno siku hizi. Zamani aliyetaka kutishwa alikata tiketi, akaingia ukumbini, akakaa gizani pamoja na wenzake; leo kitisho chamfuata mtu mkononi, katika simu yake, awapo ndani ya basi, awapo katika mapumziko ya saa sita kazini, hata awapo kitandani kabla ya kulala. Wako wazee wasemao kwamba picha hizi zipigwe marufuku zote. Wako vijana wasemao kwamba ni mchezo tu, na mchezo haumdhuru mtu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimelikosa swali lenyewe. Swali si kama picha yatisha ama haitishi. Swali ni hili: picha hiyo yatufundisha kumwogopa nani? Na inapotudanganya, yatudanganya ili tuone nini?

Neno hilo la kudanganya lisimshtue msomaji. Kudanganya ndiyo kazi ya filamu fupi ya kutisha, na fundi asiyejua kudanganya hana haja ya kuishika kamera. Sababu yake ni wazi. Filamu ndefu ina muda wa saa 2 wa kutujulisha watu, nyumba yao, ugomvi wao na siri zao. Filamu fupi ina dakika 3, au 7, au 15. Haina nafasi ya kujenga hofu tofali kwa tofali. Basi yaazima hofu iliyokwisha kujengwa. Yaiazima kwa mtazamaji mwenyewe, ambaye amekwisha kuona picha nyingi na kuzishika alama zake kama mtoto wa shule azishikavyo herufi. Mlango ukilia wenyewe usiku, nyuma yake kuna mtu. Mwezi ukiwa mpevu, yuko atakayegeuka mnyama. Muziki ukinyamaza ghafula, pigo laja. Nyumba ya kale iliyo peke yake kilimani haikosi mzimu, na mwenye uso uliofunikwa ndiye muuaji.

Mtazamaji akionyeshwa alama moja tu kati ya hizo, huimaliza hadithi yeye mwenyewe moyoni, tena huimaliza kwa haraka na kwa kiburi cha mtu ajuaye. Hapo ndipo fundi amnasapo. Amemwelekeza macho kwenye mlango wa kulia, naye ampitishia jambo katika mlango wa kushoto. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mshtuko wa mtazamaji, ijapokuwa waonekana kuwa jambo la ghafula, umeundwa kwa kipimo kama jahazi liundwavyo.

Na tuchukue kwanza mfano ulio mwepesi. Mwaka 2013 Msweden mmoja, David F. Sandberg, alitengeneza filamu iitwayo Lights Out, isiyofika dakika 3. Mchezaji alikuwa mkewe, Lotta Losten, na mahali palikuwa nyumbani kwao. Mwanamke azima taa ili akalale; gizani aona umbo la mtu amesimama. Awasha taa, hakuna mtu. Azima tena, umbo lipo. Mara moja mtazamaji ameishika sheria: penye giza pana hatari, penye nuru pana salama. Sheria hiyo ni ya kale kuliko sinema yenyewe, wala hakuna ahitajiye kuelezwa. Mwanamke akimbilia kitandani, ajifunika, ahangaika na taa ya kando ya kitanda mpaka yawaka sawasawa, nasi twashusha pumzi pamoja naye. Kisha ageuka, na kile kiumbe kipo papo hapo kando ya taa, ndani ya nuru tuliyoitegemea, nacho ndicho kinachoizima. Fundi hakuongeza kiumbe cha pili, wala hakumwaga damu. Aliivunja tu ile sheria tuliyojiandikia wenyewe. Kazi hiyo ya nyumbani ilimfikisha Sandberg Hollywood, akaongoza filamu ndefu ya jina lilo hilo iliyotoka mwaka 2016.

Sisi hatuna ugomvi na picha ya namna hiyo. Ni mchezo wa ustadi, haimsingizii mtu, na aliyeitazama hupoteza labda usingizi wa usiku mmoja. Lakini tunapoisifu yafaa tuseme pia kwamba yaishia pale pale ilipoanzia. Imetukuta na hofu ya giza, ikatuongezea hofu ya nuru, basi. Wako mafundi waliouchukua udanganyifu huo huo wakaupa kazi iliyo nzito zaidi, na hao ndio tunaotaka wasomaji wetu wawafikiri.

Katika miaka ya 1970 Serikali ya Uingereza, kwa njia ya idara yake ya habari iliyoitwa Central Office of Information, ilitengeneza filamu fupi za kuwaonya wananchi juu ya ajali. Mwaka 1973 ilitoka ile ya Lonely Water, iliyoongozwa na Jeff Grant, yenye urefu wa dakika 1 na nusu. Humo mna mtu wa joho asiyeonekana uso, asimamaye kando ya madimbwi na mito, na sauti yake, iliyosemwa na mchezaji Donald Pleasence, yajigamba kwamba yawangoja watoto wazembe. Mtazamaji asema moyoni: hii ni hadithi ya mzimu. Lakini waja watoto wenye busara, wamwokoa mwenzao, na mara yule mzimu hana nguvu tena. Pamebaki joho tupu, nalo latupwa majini, huku sauti ikiahidi kurudi. Maana yake ni nini? Ni kwamba mzimu hakuwa mzimu. Alikuwa ukingo wenye utelezi, tawi bovu, na takataka zilizozama mahali mtoto asipoziona. Alikuwa hatari ya kila siku iliyovikwa joho ili watoto waitazame.

Miaka 4 baadaye, mwaka 1977, idara hiyo ilitoa filamu ya Apaches, iliyoongozwa na John Mackenzie kwa ajili ya usalama wa mashambani. Haifiki nusu saa. Watoto 6 wacheza shambani mchezo wa Wahindi Wekundu wa Marekani, wakikimbizana kati ya mabanda na mitambo. Mmoja afa. Kisha afa mwingine. Kisha mwingine. Aliyezoea picha za wauaji aijua taratibu hii: kundi lapungua mmoja mmoja, na muuaji yu mafichoni. Basi mtazamaji aanza kumtafuta. Ni yule mzee? Ni mgeni gani? Hatokei, kwa kuwa hayupo. Waliowaua watoto hao ni trekta, shimo la samadi, dawa ya sumu ya shambani. Vyombo ambavyo wazazi wao wavitumia kila siku, na ambavyo vilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Tena sauti ya mtoto mmoja yatusimulia tangu awali kwamba nyumbani kwao kuna maandalizi, watu wa ukoo watakusanyika. Twadhani ni karamu. Mwishoni twatambua kwamba mkusanyiko ule ni wa mazishi yake mwenyewe. Kisha picha yamalizika kwa majina ya watoto wa kweli waliokufa mashambani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mfanyakazi asomaye maneno haya hahitaji kufafanuliwa. Anajua mkanda wa mashine uliotolewa kinga yake ili kazi iende upesi. Anajua waya uliochubuka ambao kila mtu aupita akisema utatengenezwa kesho. Anajua pipa la dawa lisilo na maandishi, ambalo mwanamke wa kijijini atalinunua kesho kutwa ili atekee maji. Kiwandani kifo hakitangulizwi na muziki. Hakuna mlango uliao, wala mwezi mpevu. Aliyetengeneza Apaches alifahamu kwamba macho yetu yamezoezwa kutafuta adui mwenye uso, basi akayaacha yatafute mpaka yachoke, ili hatimaye yatue juu ya trekta. Huo ni udanganyifu, lakini ni udanganyifu wa mwalimu.

Wako wengine waliougeuza udanganyifu huo juu ya umati wenyewe. Mwaka 1984 Mmarekani Tim Burton, akiwa angali mwajiriwa wa kampuni ya Disney, aliongoza filamu ya nusu saa hivi iitwayo Frankenweenie. Aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, ili tuikumbuke ile picha mashuhuri ya Frankenstein ya mwaka 1931, ambamo mtaalamu aunda mtu kwa viungo vya maiti, na wanakijiji wamsaka kiumbe huyo kwa mienge. Katika picha ya Burton mwenye kufufuliwa kwa umeme ni mbwa, Sparky, aliyegongwa na gari. Na mwenye kumfufua ni mtoto mdogo ampendaye. Majirani waona mishono mwilini mwa mbwa, waona kivuli chake usiku, wapiga kelele. Hakuna aumizwaye na mbwa, wala hakuna aulizaye. Wamfukuza mpaka kwenye kinu cha upepo katika uwanja wa michezo uliotelekezwa, moto wazuka, mtoto yumo ndani hana fahamu. Na yule mwenye mishono ndiye amtoaye motoni. Alama zote za zimwi zilikuwa kwa mbwa. Madhara yote yalitoka kwa watu wema wa mtaani. Kampuni iliona kwamba picha hiyo yatisha mno kwa watoto, ikaiweka kando. Sisi twadhani kwamba waliostahili kutishwa nayo ni wazazi.

Mfano wa mwisho watoka Australia. Mwaka 2013 Ben Howling na Yolanda Ramke walitengeneza Cargo, filamu ya dakika 7. Habari yake ni ya mazombi, yaani wafu waamkao na kula nyama za watu, na kila ang'atwaye naye hugeuka kuwa mmoja wao. Baba azinduka ndani ya gari lililopata ajali. Mkewe kando yake amekwisha kugeuka. Mtoto wao mchanga yu salama katika kiti cha nyuma. Kisha baba ajitazama mkono: ameng'atwa. Hapo kila mtazamaji ameijua sheria na ameimaliza hadithi: mtu huyu atageuka, na nyama yake ya kwanza itakuwa mtoto aliyembeba mgongoni. Dakika zilizobaki twazihesabu kwa uchungu.

Lakini baba anaijua sheria kama tuijuavyo sisi. Ajifunga mikono. Atundika nyama kwenye ncha ya fimbo, aining'iniza mbele ya uso wake, ili akili zake zitakapokwisha miguu iendelee kuifuata nyama hiyo kwenda mbele, huenda wakapatikana watu. Ageuka kweli, kama tulivyojua. Aendelea kutembea. Watu walio hai wamwona kwa mbali, wamtambua kwa alama zake, wampiga risasi. Kwa mujibu wa alama, hawakukosea. Ndipo kilio cha mtoto kinaposikika, naye akutwa mgongoni mwa maiti akiwa mzima, na jina lake limeandikwa ili atakayemwokota alijue. Yule tuliyemhesabia kuwa zimwi aliifunga njaa yake mwenyewe kama ng'ombe wa plau, ikamvutia mtoto wake mpaka salama. Filamu ndefu iliyotokana na dakika hizo 7 ilitoka mwaka 2017, lakini jambo lenyewe lilikwisha kusemwa kwa ukamilifu katika ile fupi.

Atatokea mtu aseme kwamba udanganyifu ni udanganyifu tu, na asiyesema kweli moja kwa moja ni mwongo. Sisi hatukubali. Watu wetu waliijua tofauti hii kabla ya sinema kuvumbuliwa. Mtu akitutegea kitendawili kwamba nyumba yake haina mlango, twawaza kuta, paa na madirisha. Kumbe jibu ni yai. Tumepotezwa njia, lakini hatukuongopewa. Kila neno lilikuwa la kweli. Kuta na paa tulizileta sisi. Hicho ndicho kipimo cha filamu fupi ya kutisha. Itazame mara ya pili. Ukiona kwamba ulionyeshwa yote, kwamba mikono ilifungwa mbele yako, kwamba trekta lilikuwepo tangu mwanzo, basi fundi alikutendea haki, na kosa lilikuwa katika haraka yako. Ukiona kwamba alikuficha lililo lako kulijua, kisha akakurushia uso wa kutisha na kelele ili uruke kitini, huyo ni mchuuzi aliyetia jiwe kwenye mizani.

Msomaji aweza kuuliza: mambo ya Uingereza, Marekani na Australia yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwa kuwa alama za kutisha hazikai juu ya kitambaa cheupe cha sinema peke yake. Sisi Afrika Mashariki tunazo zetu, na gharama yake twaijua. Katika enzi ya ukoloni uvumi wa mumiani ulienea katika miji yetu na mashamba yetu. Nairobi na Kampala walioshukiwa kunyonya damu za watu walikuwa wazima moto, watu ambao kazi yao ni kuokoa. Kwamba mkoloni aliinyonya nchi, hilo lilikuwa kweli. Lakini hofu ilipotafuta uso wa kuuvaa, ilimwangukia mwenye gari la kuzimia moto. Na mpaka miaka yetu hii, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wako vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, ikasemwa kuwa ni wachawi. Macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni, kwa kuwapikia watoto na wajukuu miaka 50. Wauaji waliona alama, wakaimaliza hadithi wenyewe.

Basi na tumfikirie kijana wetu mwenye kamera, atakaye kutengeneza filamu ya kutisha ya dakika 5. Hana muda, lazima aazime. Ataazima nini? Aliye karibu ni kikongwe mwenye macho mekundu, katika kibanda cha peke yake pembeni mwa kijiji. Au atamchukua mwenye ulemavu wa ngozi, au mwenye kibiongo. Akituonyesha huyo, tukaogopa, kisha mwishoni akatuthibitishia kwamba tulikuwa na haki ya kuogopa, hakutengeneza mchezo. Ameongeza ushahidi wa uongo katika kesi ambayo hukumu yake hutekelezwa kwa panga. Lakini kijana huyo aweza kuanza na kibanda kile kile, macho yale yale, usiku ule ule, tukamshuku bibi yule kwa mioyo yetu yote. Kisha mwishoni tuone jiko, tuone moshi, na tumwone jamaa aliyeutaka urithi wa shamba lake, aliyeanza kunong'ona. Ametumia ufundi ule ule, amewatisha watu wale wale, na huenda ameokoa roho ya mtu. Tofauti kati ya picha hizo mbili yaweza kukaa katika dakika moja ya mwisho.

Kwa hiyo twatoa rai yetu kwa uwazi. Watengenezaji wa filamu wasiache kutisha, bali wasiazime alama ambazo wanyonge wamekwisha kuzilipia kwa damu, ila wawe wanaziazima ili wazivunje. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo kila mwaka hutoa mabango ya usalama kazini yasiyosomwa na mtu, na vijaribu filamu fupi. Mashine isiyo na kinga, ikionyeshwa kwa ufundi wa Apaches, itakumbukwa kuliko mabango 100. Walimu, wazazi na viongozi wa matawi, wanapoonyesha picha kwa vijana, wasiondoke mara inapomalizika. Wakae nao waulize maswali 3: tulimshuku nani? Kwa alama gani? Na ni nani aliyetenda kweli?

Na sisi watazamaji tunao wajibu wetu. Katika simu hizo hizo zinazotuletea filamu fupi hupitishwa pia vipande vya picha vinavyodai kwamba mnyonya damu amekamatwa mahali fulani, kwamba mwizi wa watoto ni huyu, kwamba mchawi ni yule. Navyo vimeundwa kwa ufundi ule ule: giza kidogo, kelele kidogo, uso usioonekana vema, na nafasi tupu iliyoachwa ili sisi tuijaze. Tofauti ni kwamba filamu njema hutusubiri mwishoni na kutuonyesha kosa letu. Kipande cha uvumi hakina mwisho wake. Mwisho wake huwa uwanjani, mbele ya mtu wa kweli, na umati umekwisha kushika mawe.

Tuzitazame picha hizi, tushtuke, tucheke. Lakini mtu aliyekwisha kudanganywa mara 10 na mafundi waaminifu hana udhuru wa kudanganywa mara ya 11 na mchochezi. Kabla hajampelekea mwenzake kipande cha uvumi, na kabla hajainua mkono juu ya jirani yake, na aulize kwanza ni nani aliyemfundisha kumwogopa mtu huyo, na mfundishaji huyo atapata faida gani.